Dishi la Marlys

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la vyakula vya mifugo hapa Dunmore, Nebraska. Kila asubuhi wenye duka hututolea birika la kahawa, mradi tusiingie ndani kuwachosha wateja. Delbert tunamwita Mvua, maana kila siku anasema itanyesha. Merle ni Jaji. Hajawahi kuhukumu hata kuku, ila ana maneno ya kimahakama. Lonnie ni Mshauri, na huo si utani: ndiyo kazi yake, anazungukia gesti na baa za wilaya nzima akiwaelekeza wenyewe namna ya kuendesha biashara. Na mimi, wa kusikiliza. Asubuhi hiyo Lonnie alikuja uso umemshuka.

— Jana nilikuwa kwa Marlys, alisema. Kanishukuru mpaka nikakosa pa kuangalia.

Marlys tunamjua sote. Mumewe alifariki wakati wa theluji, akamwachia gesti kule barabara kuu. Lonnie ndiye aliyemshika mkono, na katika kumshauri akamwambia afunge televisheni ya dishi kila chumba.

— Sasa shukrani nayo inauma? Mvua aliuliza.

— Kampuni ya dishi inanipa kamisheni, bwana. Kila akilipia, na mimi napata changu. Marlys hajui.

Jaji akaweka kikombe chini.

— Hakuna kesi hapo. Mkono mtupu haulambwi! Mhudumu wa mgahawani si tunamwachia bakshishi?

— Bakshishi unaitoa mwenyewe, unaiona, Lonnie alisema.

— Na mchungaji je? Anatushauri twende mbinguni, halafu sadaka anakusanya nani? Kamisheni hiyo!

— Jaji, mwache mchungaji wa watu, nilisema.

— Simwachi!

Mvua akadakia:

— Mbona hamwasemi watabiri wa hali ya hewa? Hao wanalipwa na wauza mbegu, nawaambieni. Wanasema itanyesha, tunapanda, hainyeshi!

— We mwenyewe kila siku unasema itanyesha, Jaji akamwambia.

— Mimi silipwi!

— Sikilizeni, Jaji akasema. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Setilaiti inaelea kule juu. Aliyeiunda ale, aliyeirusha ale, Lonnie asile?

— Methali hiyo haina maana hiyo, Jaji, nilisema.

— Kwani haielei?

Tulicheka. Lonnie hakucheka.

— Mtu akiniita mshauri, alisema taratibu, ananiita nifikirie upande wake. Wageni wa Marlys ni madereva wa malori. Wanaoga, wanalala, alfajiri wameondoka. Nililijua hilo. Na bado nikasema dishi.

Kabla Jaji hajapata methali nyingine, gari la Marlys likasimama mbele yetu. Alikuja kununua mtama wa kuku. Lonnie aliinuka, akavua kofia.

— Mama Marlys, kuna jambo sikukwambia.

Akamwambia yote palepale, mbele yetu, bila kujipunguzia. Nilitegemea mama wa watu angepiga kelele, au angelia. Hakufanya hivyo. Alimtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

— Kama wasingekulipa, Lonnie, ungeniambia nilifunge?

Lonnie akatugeukia sisi. Jaji, mwenye neno kwa kila jambo, akajikuna shingo.

— Sijui, Marlys, Lonnie alisema mwishowe. Wallahi sijui.

— Kuna madereva wanalipenda, alisema Marlys. Mmoja alikaa mpaka mechi ikaisha, akala na kifungua kinywa. Wengine hawaliwashi kabisa. Na mimi sijui.

Akaingia dukani, akatoka na mfuko wake. Lonnie alitaka kumpokea. Marlys akakataa kwa upole, akaupakia mwenyewe.

— Ukishajua, njoo uniambie, alisema akiwasha gari. Ushauri huo nitakulipa mimi.