Shikamoo Iliyomuudhi Emanueli

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Odilia Melkizedek, mama chapati wa Mikumi. Odilia, mzaliwa wa Vidunda, ndiye aliyewalisha madereva wa malori pale barabara kuu ya Iringa. Dereva akichelewa kushuka, Odilia anamgongea mlango wa lori: "Chai inapoa, baba, au nikuletee na mto?" Maneno hayakumwishia mama yule.

Kisha yakaanza kumwishia. Kwanza kichwa kilimuuma, wiki hadi wiki. Akapewa dawa za malaria. Halafu mwiko ukawa unamponyoka mkononi. Watu wakasema ni presha.

Siku moja mdogo wake, Emanueli, dereva wa malori ya miwa kule Kidodi, alipita kumsalimia. "Shikamoo, dada." Odilia akamtazama tu. "Dada, shikamoo!" Odilia akajibu, "Shikamoo."

Wasikilizaji, mnajua maana yake. Mkubwa akimwamkia mdogo, hapo amemsuta. Emanueli akawasha lori, akaondoka.

"Nilidhani ananisema kwa sababu sikuja kwenye kipaimara cha binti yake, Happyness," anasema Emanueli. Hakukanyaga tena kwa dada yake msimu mzima wa miwa. Na ndugu wa kumpeleka Odilia hospitali alikuwa huyo huyo.

Odilia alipoanguka jikoni, Happyness alimpigia mjomba wake simu akilia. Emanueli akaja mbio. Morogoro waliambiwa ni kiharusi. Dawa hazikusaidia. Wakampeleka Dar es Salaam, ambako madaktari wakampiga picha za kichwa, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza mishipa. Ndipo ugonjwa ukajulikana: mishipa ya damu ya ubongo ilikuwa imevimba. Narudia, wapendwa: mishipa ya damu ndani ya ubongo ilivimba, damu ikawa inapita kwa shida. Ni ugonjwa wa nadra. Hujifanya malaria, hujifanya presha, hujifanya kiharusi.

Daktari aliuliza, "Alianza lini kuchanganya maneno?"

Emanueli akainamisha kichwa. "Siku aliyoniamkia mimi, daktari."

"Mngemleta wakati ule, tungekuwa na nafasi kubwa zaidi."

Dawa za kutuliza uvimbe zilimpa Odilia nafuu ndogo. Asubuhi moja Happyness alimwamkia, naye akaitika, "Marahaba, mwanangu." Emanueli alikuwa amekwenda dirisha la dawa. Aliporudi, dada yake alikuwa amelala. Hakuzungumza tena mpaka Mungu alipomchukua. Inaniuma kuwasimulia haya.

Pole sana, Happyness. Pole, Emanueli. Poleni wana Vidunda na wana Mikumi, pamoja na nyinyi madereva mliozoea chai yake. Mungu ailaze roho ya Odilia mahali pema.

Nawe msikilizaji, ukimwamkia mtu wako asiitikie inavyostahili, tafakari kabla ya kununa. Emanueli ameniomba niwafikishie maneno yake: "Zima gari. Shuka. Muulize: dada, unaumwa?"