Kiti cha Dereva Bado Kiko Nyuma

Ile gari ilinilia mbuzi wawili, vitenge vitano, redio moja na mavuno ya maharagi ya msimu mzima. Nimehesabu mara mbili kabla ya kusimama mbele yenu, wamama wa likelemba, chama chetu cha kuchangiana, maana hapa kuna watu wanaojua bei kuliko mimi.

Wengi mnaijua: ile gari ndogo ya mlango wa nyuma, inayopanda Kadutu ikikohoa, imejaa magunia mpaka kwenye kioo. Mumeniomba niseme ilivyofufuka. Nitasema, lakini mnivumilie, siwezi kuisema gari bila kumsema mwenyewe.

Vita ya pili ilipoingia mjini, basoda wenye bunduki walichukua kila gari inayotembea. Papa wa watoto wangu akafanya kama wanaume wengi wa Bukavu: akaifungua yake. Jumapili moja tu, akatoa magurudumu manne, volan ya kuongozea, batri na karburateri, akavisambaza kwa marafiki. Nikamuuliza ameviweka wapi. Akasema, "Wakikuuliza, sitaki ujue."

Siku nne baadaye akaenda Luhwindja kumzika mjomba wake. Siku tatu, alisema. Barabara ikafungwa nyuma yake. Mpita njia mmoja alituambia amemwona akitembea kwa miguu upande wa Kindu. Kisha kimya.

Wamama, sitawaficha, nilianguka. Soko niliacha. Miaka miwili gari ilikaa juu ya mawe mu parseli, uani kwetu, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, na mimi kila saa kumi ya jioni naingia mbele, upande wa abiria, kama mtu ambaye dereva wake amerudi ndani kutafuta funguo. Watoto walikuja kuniita tule. Siku nyingine chakula chenyewe kilikuwa mayai ya humo humo garini.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja wa Kavumu, gurudumu kichwani.

"Maman, huu mupira iko ya bwana yako. Nimeuficha chini ya maharagi miaka mbili."

"Na mbona unauleta leo?"

"Alisema akikawia, nikuletee. Sasa mimi sikujua kukawia kunaanza siku gani. Nikaona hii imetosha."

Nikaliweka lile gurudumu chini, nikahesabu. Moja. Nikahesabu tena. Kwa hiyo aliwaachia watu neno, na mimi nilikaa ndani ya gari nikidhani hakuacha kitu. Kesho yake nikafunga kitenge kiunoni, nikaanza kuzunguka kwa marafiki zake, mlango kwa mlango.

Fundi cherehani mmoja alikuwa ameitundika volan ukutani kati ya picha za familia, anaipangusa kila Jumamosi. Akanipa bure. Nikamuuliza, "Siku ile alisema nini?" Akafikiri. "Alisema gari inavuta kidogo kushoto." Basi, hiyo tu. Nilirudi nayo nyumbani kama mtu aliyepata barua.

Mwalimu mwenzake alikuwa na karburateri, batri iliyokufa na gurudumu la pili. Mawili yaliyobaki niliyakuta Kamanyola, tayari yanasukumwa chini ya pusipusi, mkokoteni wa mizigo. Mwenye pusipusi akajaribu kunibembeleza:

"Maman, nikuachie moja."

"Gari ya mipira tatu umeiona wapi, tonton?"

"Na pusipusi ya mupira mumoja?"

"Hiyo iko burueti, toroli ya mupira mumoja. Itakupunguzia hata jasho."

Alicheka, lakini mbuzi alichukua. Wa pili alikwenda kwa mchomeleaji, aliyeziba sakafu kwa bati la pipa. Redio nikabadilisha na batri. Vitenge vilimlipa mekanisie, jirani fundi wa magari aliyekuja kila Jumamosi, akanifundisha kusafisha karburateri kwa mswaki. Maharagi yakageuka esansi, petroli ya kwanza. Rangi nilikataa. Wakati ule gari nzuri ilikuwa ya mwenye bunduki. Kwenye bariere ya kwanza ya barabarani soda mmoja aliizunguka mara moja, akasema, "Pita, maman. Hii itatuzimikia njiani." Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo.

Siku ya kuiwasha, mekanisie aliona nimekaa kwa dereva, nimeweka mito miwili mgongoni na vidole vyangu vinatafuta pedali.

"Maman, kiti kinasogea. Kamata chuma hiki, sukuma mbele."

"Najua."

"Basi?"

"Endelea na bujii zako za injini."

Kiti kilikuwa pale miguu ya papa wa watoto wangu ilipokiacha.

Nawashukuru wote waliotunza vyuma ambavyo wangeweza kuuza kwa njaa. Sitawataja, wanajijua. Na nyinyi mulionikopesha magunia ya kwanza. Nilichojifunza ni kwamba kungoja si vibaya, ila usingoje umekaa upande wa abiria.

Sasa barabara zimefunguka. Wanaume wawili wa mtaa wetu wamerudi kutoka upande wa Kindu. Nimewauliza wote wawili, kila mmoja mara mbili. Hawajamwona. Binti yangu mkubwa anataka kujifunza kuendesha, naye ni mfupi kama mimi. Wiki iliyopita nilimkuta ameshika kile chuma. "Maman, nisukume?" Nikamtuma akalete maji.

Mgongo unaniuma, wamama. Shauri ninaloomba leo si la faranga. Yule mama wa Kavumu hakujua kukawia kunaanza siku gani. Mimi sijui kunaisha siku gani. Mniambie: kiti nikisogeze, ao nikiache?