Sina Uhakika, Nina Sababu ya Kuogopa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo; wakuu wa vitivo; wahadhiri wenzangu; jamaa wa mstaafu wetu mlioacha shughuli zenu kuja kusimama naye; wanafunzi wetu; ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nimepewa jukumu la kumuaga mwenzangu ambaye wote tumezoea kumwita Mama Mawingu. Kwa miaka mingi mimi na yeye tuligombania kompyuta kubwa moja, ile ya ghorofa ya chini inayonguruma kama mashine ya kusaga. Mimi nikipiga hesabu za fizikia ya kwanta, kutafuta elektroni zimekaaje ndani ya molekuli. Yeye akiunda modeli za tabianchi, kutafuta mvua itaangukia wapi. Kila nilipomkuta ameikalia zamu yangu aliniambia, "Mwalimu, elektroni zako zitakusubiri. Mawingu hayamsubiri mtu."

Fani zetu hazitoi jibu la ndiyo au hapana; zinatoa uwezekano. Ila elektroni haina mke wala watoto. Uwezekano wa Mama Mawingu ulikuwa na milango, na nyuma ya milango mna watu.

Wengi mnaukumbuka msimu ule modeli yake ilipoonyesha mvua kubwa ikisimama juu ya milima na mto ukipasua kingo. Aliiendesha tena na tena, kila mara akibadilisha kidogo hali ya mwanzo ya hewa, na mara nyingi zaidi mafuriko yalitokea. Akaenda mbele ya kamati ya maafa. Mwenyekiti akamuuliza, "Una uhakika?" Akajibu, "Sina uhakika, Mheshimiwa. Nina sababu ya kuogopa." Wakazi wa bondeni wakahamishwa. Mvua haikuja.

Ndugu zangu, nani kati yetu angependa kupita sokoni wiki ile? Walimcheka waziwazi. Hata kaka yake wa kuzaliwa, fundi magari mwenye gereji huko huko bondeni, aliacha kusema naye. Mama Mawingu hakujificha. Alikwenda redioni akaeleza kwamba mvua ilivuka milima ikaangukia ng'ambo; kisha akateremka bondeni, gereji kwa gereji, duka kwa duka, kuwaomba watu radhi.

Msimu uliofuata modeli ikaonyesha hatari ile ile. Safari hii kamati ilimwita pembeni. "Mama, tusaidie. Ukisema, sema una uhakika. La sivyo watu hawatatoka." Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nilimwona akifumba macho, maana alijua wanachomwomba ni maisha ya watu. Akasema, "Nikiwadanganya leo ili watoke, siku nyingine nitawatoa kwa neno gani?" Kamati ikatangaza kwamba anayetaka kuhama ahame.

Wa kwanza kufunga mlango alikuwa kaka yake. Majirani wakamshangaa: si ndiye aliyemnunia dada yake mwaka mzima? Akawajibu, "Nilimnunia, ndiyo. Lakini alikosea, akaja mwenyewe mpaka humu ndani kuniambia amekosea. Mtu wa hivyo akiniambia ondoka, naondoka." Akazunguka nyumba baada ya nyumba kugonga, na mtaa ukaanza kutoka.

Mto ulikuja na matope na magogo, ukaondoka na mtaa. Watu walikuwa shule ya mlimani, wazima.

Isipokuwa mmoja. Fundi cherehani wa kona ya daraja alikataa kuziacha mashine zake. Alimtanguliza mkewe, akamwambia, "Mwaka jana tulirudi tukakuta kuta kavu. Nenda, nitakufuata."

Mama Mawingu alikwenda msibani. Nilimsindikiza. Mjane alimuuliza, "Ungesema una uhakika, mume wangu angetoka?" Mwenzangu akajibu, "Huenda angetoka, dada yangu. Lakini sikuwa nao." Wakakaa chini pamoja wakalia. Tangu siku ile sijasikia akitajiwa idadi ya waliopona bila yeye kumtaja aliyebaki.

Mimi ni mtu wa hesabu, na swali lile limenishinda mpaka leo. Ninachokijua ni kwamba kamati haikumwita pembeni tena, na kwamba siku hizi akisema anaogopa, bonde zima linafunga mizigo.

Wanafunzi wetu, mtarithi kompyuta zenye kasi kuliko zetu. Mtajaribiwa kusema zaidi ya yale zinayosema. Mkumbukeni mama huyu.

Na sasa nimalizie. Leo asubuhi mama mmoja amefika getini bila kadi ya mwaliko. Mlinzi alipomuuliza ni nani kwa mstaafu, amesema, "Mimi ni mke wa fundi cherehani. Nimekuja kumshukuru: hata msibani hakunidanganya." Tumemwekea kiti mbele, na mnawaona wenyewe walivyoshikana mikono tangu nianze kusema.

Mama Mawingu, ustaafu wako uwe wa amani ya moyo. Nanyi nyote, kwa utulivu wenu na masikio yenu, nawashukuru sana.