Navreet Asisome Fizikia

Benchi letu liko nje ya duka la kahawa hapa mjini Brampton, ughaibuni, kati ya kinyozi na kliniki ambayo foleni yake huanza kabla mlango haujafunguliwa. Wakaaji ni wale wale: Gia, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukagoma, Profesa, anayeuza bima na hajawahi kukanyaga chuo, Balkar wa teksi, mtu asiyejua kusema hapana, na mimi, ambaye hunywa kahawa na kukasirika. Asubuhi moja ya mwezi wa sita Balkar alikuja na karatasi. Binti yake Navreet amekubaliwa na vyuo viwili, mwisho wa kujibu ni leo, na nyumba nzima imegombana wiki tatu. Mtoto amechoka. Kamwandikia baba neno lake la siri la kuingilia ukurasa wa maombi, kamwambia chagua wewe, akaenda kazini. Balkar akatuletea sisi.

— Vyuo gani hivyo? akauliza Gia.

— Kimoja sayansi za afya. Kingine baiolojia, ile shahada ngumu zaidi. Hiyo ina kemia, fizikia, na utafiti wa mwaka mzima. Yeye anaipenda hiyo. Lakini baadaye anataka udaktari, na huku huingii bila shahada ya kwanza.

— Fizikia? Profesa akaweka kikombe chini. Balkar, unamchukia mwanao? Wanaochagua wa kusomea udaktari wanaangalia wastani wa alama tu. Mwenye tisini na saba anaingia, mwenye tisini na mbili anakuja kukusaidia teksi. Mpeleke sayansi za afya, kule alama zinamwagwa.

— Kabisa, akadakia Gia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Achukue masomo mepesi mepesi, ainame hivyo hivyo mpaka apite.

— Methali hiyo haina maana hiyo, nikasema.

— Ina maana gani?

Nilishapandwa na hasira. Mtoto anaipenda kemia, na watu wazima wanamwambia aikimbie ili aje kuwa daktari. Aliyepanga mambo hivi simjui, ila ningempata ningemwambia.

— Mpwa wangu, Profesa akaendelea, alisoma historia ya ngoma na habari za dinosaria. Wastani wake mia kasoro moja.

— Akaingia udaktari? nikauliza.

— Anasubiri. Huu mwaka wa tatu.

— Subira huvuta heri, akasema Gia. Mimi naona asome ushonaji. Daktari si anashona watu? Alama anapata, na mkono unazoea.

Balkar alikuwa anaandika yote nyuma ya karatasi. Ushonaji akaupigia mstari.

— Sasa nibonyeze sayansi za afya? akauliza, simu mkononi.

— Bonyeza, ndugu yangu, akasema Gia. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hapo alitoka kliniki mzee mmoja tusiyemjua, anatembea na fremu ya chuma. Gia akamsogelea Profesa kumpisha. Mzee akakaa polepole, goti moja limenyooka mbele.

— Samahani, nimewasikia tangu mlangoni, akasema. Huyo binti mkishamfundisha kukwepa kila kigumu, akawa daktari, nani kati yenu atalala mezani wa kwanza ampasue?

Gia, anayengoja kupasuliwa mgongo tangu mwaka juzi, akaangalia viatu vyake. Profesa akanywa kahawa iliyokwisha.

Balkar akarudisha simu mfukoni, akainuka.

— Hujabonyeza, Profesa akasema.

— Nakwenda kazini kwake, nimrudishie neno lake la siri. Halafu nimwombe radhi. Nusura nimnyime mtoto fizikia kwa ushauri wa muuza bima.

Akaondoka. Gia akamgeukia mgeni.

— Mzee, na wewe humo ndani ulikuwa unangoja nini?

— Daktari.

— Amekuona?

— Hawana. Wameniambia nirudi mwezi wa kumi.