Mama Makapi na Sahani za Chiriku

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Makapi wa banda la chiriku anastaafu baada ya kuitumikia bustani yetu ya ndege kwa miaka ishirini na sita na miezi minne. Anaondoka miaka minne kabla ya wakati wake. Mwandishi wa wasifu huu ni mtunza ghala, aliyempimia nafaka kwa muda wote huo, na anaomba radhi mapema. Ameambiwa aandike maneno ya kuchangamsha, na atajitahidi, lakini moyo wake hauko huko.

Mama Makapi aliajiriwa akiwa na mtoto mchanga nyumbani na sauti ya kumwita mtu kutoka getini hadi kwa kasuku. Akapewa banda la chiriku kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka: ndege mia nne wadogo kama kidole gumba, kelele kutwa nzima, na uchafu usiokwisha. Alirudi kwake na makapi kwenye nywele, mifukoni na, kwa ushahidi wa mumewe, hata ndani ya chai. Jina likamganda tangu hapo.

Mwezi wa pili yakamkuta. Chiriku hamezi punje nzima. Huizungusha mdomoni, huimenya, humeza kiini, na ganda huliacha lianguke palepale sahanini. Kwa hiyo sahani iliyokwisha kuliwa huonekana imejaa. Hakuna aliyemwambia. Ijumaa moja alichungulia sahani, akaona zimejaa, akafunga banda akaenda zake. Mlinzi wa zamu ya Jumamosi na Jumapili naye akachungulia, akaona zimejaa. Jumatatu asubuhi Mama Makapi aliokota chiriku kumi na mmoja chini ya sahani zilizojaa. Aliinua moja, akaipuliza. Makapi yote yakaruka, ikabaki sahani tupu.

Alipewa barua ya onyo. Barua haikumuumiza. Kilichomuumiza ni wale kumi na mmoja, ambao aliwazika mwenyewe nyuma ya ghala huku akilia bila kujificha. Baada ya hapo akaingiwa na hofu. Alijaza sahani pomoni mara tatu kwa siku, na kila alipoona makapi juu alimwaga yote, punje nzima pamoja na maganda, akajaza upya. Magunia matano kwa mwezi, kwa ndege wanaoenea kiganjani! Mimi mtunza ghala na yeye tuligombana mpaka wenzetu wakawa wanakuja kusikiliza na vikombe vyao mkononi.

Kisha meneja akatangaza kwamba nafaka ya chiriku ipungue zaidi ya nusu ndani ya miezi mitatu, la sivyo banda livunjwe na ndege wagawiwe kwingine. Mama Makapi akabanwa huku na huku. Akipunguza ovyo, watakufa njaa tena mikononi mwake. Asipopunguza, hatawaona tena.

Alichukua kigoda, akaketi ndani ya banda siku nne, akiangalia tu. Wapo waliosema kazi imemshinda. Siku ya tano alikuja ghalani na majibu. Chiriku walikuwa wanafukua mchanganyiko wakitafuta uwele, na ulezi wanautupa nje, basi kila nafaka akaipa sahani yake. Badala ya kujaza, akaweka kina cha vidole viwili. Sahani zilikaa chini ya vijiti wanapotua, zikawa zinachafuliwa kutoka juu, akazisogeza pembeni. Chini ya kila moja akatandika sinia pana lenye ukingo, la kudaka kinachoruka. Asubuhi na jioni alipita sahani moja baada ya nyingine, akipuliza makapi polepole na kubakiza punje. Yaliyodakwa na masinia aliyachekecha na kuyapeta katika chumba kidogo nyuma ya ghala, punje safi zikarudi kwa wenyewe.

Mwezi wa tatu nilimpimia magunia mawili tu. Hakufa njaa ndege hata mmoja, wala hajafa kwa njaa mpaka leo. Meneja alimpa cheti na saa ya ukutani, ambayo iko ghalani na bado inachelewa dakika ishirini. Banda likabaki. Watoto wanaokuja hapa na shule zao wakaganda kwenye wavu wa banda wanamjua Mama Makapi kuliko wanavyomjua meneja, na meneja ameshazoea.

Sasa niseme jambo ambalo halimo kwenye faili lake. Chumba kile cha kupetea kina dirisha moja, na lilikuwa limepigiliwa misumari kwa amri yangu, kwa sababu ya panya. Mama Makapi aliniandikia ombi kwamba lifunguliwe na liwekwe wavu. Nikamwambia kesho. Aliponikumbusha, nikamwambia nimeshampelekea fundi. Sikuwa nimempelekea. Karatasi ilikaa kwenye droo yangu miaka sita, chini ya kalenda kuukuu, na yeye akapeta vumbi ndani ya chumba kilichofungwa, akitoka na kope nyeupe na kunitania kwamba amenipita uzee. Dirisha lilipokuja kufunguliwa, kikohozi kilikuwa kimeshahamia. Mwaka huu daktari amemwambia kifua kimechoka, na asikae tena na ndege.

Jumatano iliyopita alimkabidhi banda dada aliyehamishwa kutoka kwa kasuku. Wafanyakazi karibu wote tulikuwepo. Aliinua sahani ya kwanza, ambayo yule dada alikuwa ameshasema imejaa, akavuta pumzi, akapuliza. Makapi hayakusogea. Akajaribu tena, akakohoa mpaka akashika wavu. Sote tukatazama sakafu.

Niliipokea ile sahani nikamwambia yote, mbele ya watu: droo, fundi, miaka sita. Hakusema amenisamehe, wala hakunilaumu. Alisema tu kwamba niache hadithi nipulize, ndege wanasubiri, na nisipulize kama ninapoza uji, nitamwaga na mbegu. Nilipuliza. Makapi yaliruka yote, na chini yake hapakuwa na punje hata moja.

Mama Makapi, asante kwa miaka ishirini na sita, kwa magunia uliyotuokolea na kwa ndege uliowalea. Nimekukosea, na ninaliandika kosa hilo hapa ili lisikae tena kwenye droo. Dirisha liko wazi na wavu wake ni mpya. Sahani zako, asubuhi na jioni, nitazipuliza mwenyewe pamoja na dada wa kasuku, na hatutaamini macho yetu. Nenda ukapumzike kwako, palipo na upepo, wajukuu wakuchoshe kwa maswali badala ya chiriku. Sisi tunaobaki tunakuombea siku nyingi, na kila siku hewa ya kukutosha.