Barua ya Josho Yenye Kichwa cha Posa

Kahawa ya Paskalina haijawahi kumnyamazisha mtu. Benchi lake lipo nje ya mashine ya kusaga ya Basotu, na siku ya mnada hujaa mapema. Gidahosh, mfugaji mzee waliyembandika jina la Hakimu, alikuwa amekaa katikati kwa haki ya umri, na pembeni yake Isidori fundi simu, ambaye kijiweni ni Mitambo. Akatokea Tito, shati nje nje, jasho linamtoka na baridi yote ile.

— Shikamoo, Hakimu.

— Marahaba. Nani anakufukuza?

— Nimeharibu, mzee wangu. Nimetuma barua ya kuomba ukarani wa josho la ng'ombe kwa imeili. Imeshakwenda, ndiyo naifungua niisome. Juu kabisa ya kioo pameandikwa: Posa kwa Mzee Bura, kumwomba Hilda.

Paskalina akaacha kumimina. Hilda binti Bura ndiye anayefungua barua zote za chama cha wafugaji, na ofisi ilikuwa inafunguliwa muda si mrefu.

— Na ndani? akauliza Isidori.

— Ndani ni josho tupu. Nilichukua faili ya zamani, nikafuta maneno yote, nikaandika ya kazi. Si ndivyo tunavyofanya wote hapa? Nani anaanza barua upya?

— Ndipo ulipoumia. Ukihifadhi barua mara ya kwanza, kompyuta inachukua mstari wa juu, inaufanya kichwa cha faili. Futa barua nzima, kichwa kinabaki kwenye taarifa zake, pamoja na jina lako na tarehe. Mpaka uingie huko ukifute mwenyewe.

— Mimi sikubali, akasema Gidahosh. Niliuza dume kule Dirma, wiki ya nne nikalikuta zizini kwangu linacheua. Hiyo barua nayo inatafuta kwao.

— Ni satelaiti, baba, akasema Paskalina. Zinasoma moyo wa mtu. Simu yangu ilijua nataka mabuti kabla sijamwambia mtu.

— Basi Ulaya wameshajua, akadakia Gidahosh. Mwezi ujao chama kitamwandika Tito mkwe kwenye taarifa ya mwaka, na josho litahesabiwa mahari.

Wakacheka. Tito hakucheka. Barua ile ya posa aliiandika miaka sita iliyopita, na wiki hiyohiyo ugonjwa wa ndigana ukamaliza ng'ombe wa baba yake, kumi na mmoja. Angekwenda kwa Bura na nini? Aliona haya, akaificha. Kazi ilikuwa heri aikose, kuliko Hilda ajue kwamba alimpenda halafu akaogopa.

— Tuma nyingine, akasema Isidori. Mwambie ya kwanza asiifungue.

— Mwambie hivyo, akasema Gidahosh, ataifungua mara mbili.

Wakati wanabishana hivyo, Hilda akaja kwa miguu kutoka upande wa ofisini, funguo mkononi. Tito akatamani ardhi ipasuke.

— Shikamoo baba. Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu, wakaitikia wazee.

Akamgeukia Tito.

— Leo nimefungua ofisi mapema, barua yako nimeisoma. Maelezo ya josho yamekaa vizuri, nimeshampelekea mwenyekiti.

— Ahsante, akasema Tito. Roho ikamtulia kidogo.

— Halafu nikaangalia taarifa za faili. Inasema imeanzishwa mwaka elfu mbili na kumi na tisa, mwezi wa nane. Mwezi huo mimi nilikuwa nyumbani. Baba naye alikuwepo, na pombe ya wageni ilikuwepo. Kwa nini hamkuja?

Mitambo akakikagua kikombe chake kana kwamba kimeletwa kutengenezwa. Hakimu, mwenye hukumu ya kila kitu, akaitazama fimbo yake. Paskalina naye hakukumbuka satelaiti hata moja.



Hilda akasogeza birika pembeni, akaketi kwenye benchi, akasubiri jibu.