Bi. Mwanamkuu binti Yahaya, Aliyewaunganisha Waunga Mifupa

Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1956, Bi. Mwanamkuu binti Yahaya anastaafu baada ya kukitumikia Chama cha Waunga Mifupa na Wakandaji wa Tabora kwa miaka kumi na minane. Waandalizi wa sherehe wameniomba maneno matamu. Yapo, lakini nianze na linalonichoma.

Katika mkutano mkuu wa mwaka jana, msemaji mmoja alimshukuru Bi. Mwanamkuu "kwa kuwapikia waasisi wetu." Kuwapikia! Mwasisi ni yeye.

Kabla yake tulikuwa kitu gani? Waunga mifupa wa Ng'ambo, hapa mjini Tabora, waliwaita wenzao wa vijijini washenzi, na wa vijijini wakawaita wa mjini wauza hirizi. Aliyeumia kwa ugomvi huo ni mgonjwa. Lugembe, mpakiaji mizigo wa stesheni, alivunjika mguu alipoangukiwa na gogo. Bi. Mwanamkuu akamnyoosha, akamfunga banzi. Ndugu zake wakamrudisha kijijini kwao, Choma, kwa Bwana Kasimiri, bingwa wa huko. Kasimiri alipoona banzi la mjini alilitupa bila kuuliza, akaanza upya. Mfupa uliokwisha kuanza kushika ukaunga kombo. Hadi leo Lugembe anachechemea.

Bi. Mwanamkuu hakwenda kushtaki. Alizunguka vijijini kwa miguu na juu ya malori ya pamba, akabisha hodi kwa Wakatoliki, kwa Wamoraviani na kwa Waislamu wenzake, akawaita wote barazani kwake. Walipokwisha kukaa, akamwomba Lugembe atembee mbele yao.

"Mguu huu ni kazi ya nani?" akauliza.

Kasimiri akainama.

"Ni kazi yetu sote. Leo hatoki mtu hapa mpaka tuelewane."

Siku hiyo wakakubaliana kwamba hakuna kufungua banzi la mwenzako kabla hujamwita. Chama kikazaliwa. Tukaanza kufundishana, na mfupa uliotoboa ngozi tukaupeleka hospitali bila ubishi. Wajumbe wawili wakigombana, Bi. Mwanamkuu aliwaamuru wakandane migongo na shingo mbele ya mkutano. Ni vigumu kumtukana mtu aliyeishika shingo yako.

Mwaka 1953 tukaomba kutambuliwa. Bwana mmoja wa serikali akajibu kwamba chama kitakubaliwa kikiwa cha wanaume. Mwanamke ahesabiwe msaidizi tu. Na tulipolijadili jibu hilo mkutanoni, wapo wajumbe, wanafunzi wake mwenyewe, walioitikia kwa kichwa! Bi. Mwanamkuu akajitanda kanga, akainuka aondoke ili chama kisivunjike.

Aliyemzuia ni Kasimiri. "Kaa, mama," alisema. Kisha akatugeukia. "Nilimlemaza mtu kwa kiburi changu, na mama huyu hakunifukuza. Mkimwondoa yeye, niondoeni na mimi."

Mmoja baada ya mwingine tukasimama. Kesho yake tulirudi kwa yule bwana, Bi. Mwanamkuu ametangulia, na hatukubanduka mpaka chama kikatambuliwa na yeye akiwa kiongozi wake. Basi siku ya sherehe, atakayemwita msaidizi na akae chini.

Sasa anahamia kwa binti yake, Maua, huko Igunga. Anasema atalima karanga na hatashika tena mguu wa mtu. Hatumwamini hata kidogo. Ahsante, mama. Mungu akujalie miaka mingi ya furaha, na viungo visikuume.